Michembe ya Mashine

Watu wakiniuliza nimestaafu kazi gani, huwajibu kwamba nilikuwa ninatoa maji kwenye chakula. Hucheka, kisha husubiri jibu la kweli, nami huwa sina jingine. Tangu nikiwa kijana mwembamba wa Maswa hadi juzi nilipokabidhi funguo za jiko la mafunzo pale kituoni Bariadi, nimekata, nimepanga, nimeanika, nimegeuza na nimesubiri. Nimeona nyanya ikiingia nyekundu na kutoka nyekundu zaidi. Nimeona embe likisinyaa hadi utamu wake unashtua meno. Ninyi mnaobaki kituoni mmeniomba niandike, nami nimekubali haraka kuliko inavyomfaa mtu mwenye mvi, maana mpaka leo nikisikia feni ya mashine ya kukaushia ikianza kuzunguka, kuna kitu ndani yangu nacho kinawaka.

Mambo ya vyeo na mishahara nimeyaacha. Yapo kwenye mafaili, na mafaili yale yalikauka zamani bila msaada wangu.

Siku ya kwanza nilipelekwa Binza, kwenye uwanja wa nyumba moja ambako wanawake walikuwa wamezunguka rundo la viazi vitamu. Kiongozi wangu alikuwa Mama Ngolo, mwalimu wa hifadhi ya vyakula, mzaliwa wa Nassa, mrefu, mwenye sauti ndogo iliyokulazimisha usogee karibu ili akuseme vizuri. Nilikuwa nimevaa shati jeupe. Aliliangalia lile shati, akanipa kisu, akanionyesha nafasi kati ya wanawake wawili.

Kwa ninyi mliotoka mikoa mingine: michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa mpaka vikawa vigumu kama vigae, chakula cha miezi ambayo shamba halina kitu. Huku kwetu kuikata ni kazi ya wanawake, na mwanaume anayeketi mbele ya rundo lile na kisu lazima awe na maelezo. Mama mmoja aliniuliza kwa Kisukuma kama nimefiwa na mke nikiwa mdogo hivi. Nikasema sijaoa. Akasema basi nitaoa upesi, wanawake watanigombania nikishajua kumenya. Kicheko kikazunguka duara zima na Mama Ngolo hakukizuia hata kidogo.

Nilikata vipande vinene. Jirani yangu wa kulia akakiokota kimoja, akakipima kwenye kisigino chake, akatangaza kwamba kandambili yake ya pili imepatikana. Hapo ndipo Mama Ngolo alipochutama kando yangu na kunipa somo ambalo nimelirudia kwa kila niliyemfundisha. Usitafute wembamba, alisema, tafuta usawa. Kinene kikilala na chembamba, chembamba kitakauka na kuanza kuungua wakati kinene bado kina machozi ndani. Nikamtazama yule mama wa kandambili. Vipande vyake vilikuwa vinaanguka kutoka kwenye kisu kama karata, vyote sawasawa, na alikuwa hata haangalii, anasimulia habari za harusi. Nilirudi nyumbani mikono ikiwa myeusi kwa utomvu wa viazi, sabuni imeshindwa, nami njia nzima nainusa kama mtu aliyepewa zawadi.

Kutoka kwenye kisu tulikwenda kwenye jabali. Nyuma ya ile nyumba kulikuwa na mwamba mpana, na vipande vilitandazwa juu yake mpaka ukawa mweupe wote. Jiwe lilichoma kwa chini, jua kwa juu, upepo ukapita katikati. Asubuhi kuanika, jioni kuanua. Jua likianza tu kuegemea, kila mwanamke popote alipo, awe kisimani au kwenye maongezi matamu, aliinuka bila kuitwa. Umande usikute chakula nje. Mke aliyelaza michembe mwambani alisemwa mpaka na watu wasiomjua. Wasichana walijifunza jambo hilo kabla ya kujifunza kusuka.

Kifaa cha kwanza nilichopewa kikawa changu mwenyewe hakikuwa na umeme wala makali. Kilikuwa chupa ya kioo yenye kifuniko. Ukidhani chakula kimekauka, alisema Mama Ngolo, kijaze humu, ukifunge, ukiache mahali unapopita mara kwa mara. Kioo kikitoa jasho kwa ndani, chakula kilikudanganya, kirudishe. Niliitembeza chupa ile wilaya zote za Simiyu. Imewaumbua watu wengi wenye uhakika, mimi nikiwa wa kwanza kwenye foleni.

Kisha umeme ukaanza kuingia vijijini, nguzo baada ya nguzo, na siku moja gari likashusha pale kituoni kabati la bati jeupe lenye trei za waya, feni mgongoni na kitasa cha kuchagua joto. Kama kuna siku ninayotaka mwione kwa macho yangu, ni hiyo. Tulikata nyanya za bustani za kandokando ya mto, tukazipanga sehemu iliyokatwa ikiangalia juu, tukafunga mlango, tukawasha. Mhasibu alileta kiti chake kabisa akaketi mbele ya kabati kama yuko kwenye mpira. Mama Ngolo, ambaye alikuwa amebakiza muda mfupi kustaafu, alisimama kwenye tundu la kutolea hewa, akafumba macho. Hewa ile ya joto, kavu, ilikuwa inampeperusha kitambaa cha kichwa.

"Upepo wa mwezi wa saba," alisema. "Wamewezaje kuufunga humu?"

Tulipofungua siku iliyofuata, nyanya zilikuwa zimekuwa ndogo kama masikio ya panya, na harufu iliyotoka mle ilitembea kituo kizima. Hakuna nzi aliyezigusa. Hakuna kuku aliyezikanyaga, hakuna mchanga, hakuna mbuzi wa jirani. Mhasibu alionja moja, akaonja ya pili kwa niaba ya ofisi. Mimi nilijua pale pale kwamba nitaifuata mashine ile popote itakapokwenda.

Nayo ilikwenda majumbani. Zilikuja ndogo za mezani, za duara, trei moja juu ya nyingine, na vikundi vya akina mama vikaanza kuzinunua kwa kuchanga. Kazi yangu ikawa kupita nyumba kwa nyumba. Ningeweza kuandika kitabu kwa yale niliyoyakuta. Mkula nilimkuta mama mmoja ameitoa mashine nje, ameiweka juu ya jabali, waya umeunganishwa mpaka dirishani. Nilipomuuliza, alinieleza kwa upole, kama anayemweleza mgeni, kwamba ameona aisaidie na jua kidogo. Nassa kuna nyumba walikausha dagaa na maembe kwa pamoja ili wasipoteze umeme. Embe lile lilikuwa zuri kwa macho, na ukilitafuna unaona mitumbwi. Nyumba nyingine walipanga nsansa, majani yao ya kunde yaliyochemshwa kidogo, na yalipokauka feni ikayarusha yote chumbani. Watoto wakawa wanayaokota chini ya vitanda. Tangu hapo nikawa natembea na kipande cha neti cha kufunikia majani.

Basi shikeni haya machache. Majani yanataka joto dogo, matunda la wastani, viazi na nyanya zaidi kidogo, lakini msikimbilie moto mkali kwa haraka zenu. Moto mkali hufunga ngozi ya nje, maji yakabaki ndani yamefungiwa, na huko ndani ndiko ukungu unakojenga. Zungusheni trei, ya chini iende juu. Na samaki wapewe siku yao peke yao.

Sasa niwape ile kesi ambayo nikilala naiona.

Miaka michache kabla sijastaafu kulikuwa na mama aitwaye Minza, pembeni ya mji wa Bariadi, mjane mwenye watoto wadogo, anaishi na mama mkwe wake, Bibi Mbuke. Jioni Minza alikuwa anauza uji na maandazi karibu na stendi. Mchana alikuwa analima. Mali yao ya kusema ni mali ilikuwa ng'ombe mmoja wa maziwa, mwekundu, mwenye baka jeupe kifuani. Maziwa ya ng'ombe yule ndiyo yaliyokuwa yakinywewa na watoto na mengine yanatiwa kwenye ule uji wa stendi.

Mwaka ule mahindi yalikauka shambani yakiwa bado hayajabeba. Viazi vitamu vikavumilia. Minza na kikundi chao walivuna, wakakata, na jabali la nyuma ya nyumba yake likajaa michembe kuliko nilivyowahi kuona. Hicho ndicho kilikuwa chakula chao mpaka mavuno mengine. Shemeji yake, Nkwabi, kaka wa marehemu mumewe, alikuwa ameshasema mapema kwamba ni afadhali ng'ombe auzwe mnadani, wanunue magunia ya mahindi kabla watu wote hawajaanza kuuza mifugo kwa wakati mmoja. Hakuwa mtu mbaya. Aliwapenda watoto wa kaka yake na alikuwa anaogopa njaa kwa niaba yao. Minza akamwomba asubiri michembe ikauke. Nkwabi akakubali kusubiri mpaka mnada unaofuata, akasema wazi kwamba siku hiyo atakuja na kamba, na kama chakula hakipo, ng'ombe anaondoka.

Ikanyesha. Mvua katika majira ambayo hata vyura hawaitarajii. Haikuwa kubwa, ilikuwa ile ya kunyunyiza na kuacha mawingu yamelala juu ya paa siku baada ya siku. Minza alikimbiza michembe yote ndani ikiwa nusu kavu, akaitandaza kwenye mikeka mpaka hakukuwa na pa kukanyaga. Kikundi chao kilikuwa na mashine ndogo ya kukaushia mboga, na zamu ilikuwa kwake. Akaijaza, akawasha, akaenda zake stendi. Kisha akanipigia simu kuniambia mashine imeharibika.

Nilipofika asubuhi nilisikia harufu kabla ya hodi. Harufu ya viazi vinavyoanza kuchacha, tamu na chungu pamoja. Niliwasalimia, mwangaluka, wakanijibu, nikakaribishwa kigoda. Mashine niliikagua yote. Feni nzima, hita nzima, joto sahihi. Nikauliza michembe iliyokaushwa iko wapi, Minza akaniletea kapu lililofunikwa kwa khanga. Vipande vilikuwa vya baridi, laini, vinateleza. Alisema kwa jioni kadhaa amekuta mashine imezimwa na michembe imo kapuni, akadhani umeme umekatika na watoto wameitoa. Asubuhi anairudisha, jioni hali ni ile ile.

Nikauliza nani anayeitoa. Aliyejibu alikuwa Bibi Mbuke, kutoka kwenye mkeka wake karibu na mlango, bila wasiwasi wowote.

"Ni mimi. Jua likizama ninaanua. Wewe kwenu mnalaza chakula nje?"

Wadogo zangu, nililishusha lile kapu chini. Kila kitu kilikuwa wazi na kila kitu kilikuwa kigumu. Bibi yule alikuwa ameanua michembe maisha yake yote. Alikuwa anamfichia mkwe wake aibu. Kila jioni, Minza akiwa stendi, alikuwa anajikongoja mpaka kwenye mashine, anachomoa waya, anakusanya kipande kimoja kimoja, anafunika vizuri kwa khanga yake safi ili umande usiingie. Na kila alipofanya hivyo, vipande vya moto vilivyofungiwa kapuni vilitoa jasho na kunyweshana maji upya. Upendo wake ndio uliokuwa unaozesha chakula.

Minza asingeweza kumwambia. Mkwe hamsemi mama mkwe, na macho yake yalikuwa yananiomba mimi niseme. Nikaanza kwa mbali, nikaeleza kuhusu hewa na joto. Bibi alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akaniuliza kama nimemaliza.

"Mwalimu, usiku una umande. Umetoka kwa Mungu, hautoki dukani. Kisanduku chako kimemwambia nini umande?"

Nikasema umande hauingii mle. Akasema hayo ni maneno, na maneno amesikia mengi. Yeye anaamini chumvi. Akamwita Minza alete chumvi ya jikoni. Mimi sikuelewa mpaka alipoanza kufanya mwenyewe. Aliweka chumvi kidogo kwenye kisahani, akasema hiki kitalala nje chini ya upenu. Akaweka nyingine kwenye kisahani cha pili, akasema hiki kitalala ndani ya mashine pamoja na michembe, ikiwa inawaka, na mtu yeyote asiiguse, hata yeye. Chumvi ya ndani ikilowa kama ya nje, nichukue kisanduku changu niondoke nacho na nisirudi. Nikasema nimekubali. Nilikubali kwa sauti ya mtu jasiri, halafu nikaenda nyumbani nikaomba umeme usikatike.

Kulipopambazuka nilikuwa mlangoni kabla ya jogoo kumaliza. Bibi Mbuke alikuwa ameshaamka, amevaa, amekaa kati ya visahani viwili kama hakimu. Chumvi ya nje ilikuwa imelowa, imegandamana, inang'aa maji. Ile ya ndani alikuwa ameishika kwenye vidole, anaiachia idondoke punje kwa punje, anaiokota tena, anaiachia tena. Hakuniangalia. Akachukua kipande cha mchembe kutoka kwenye trei iliyokuwa imeshapoa, akakigonga kwenye kisahani. Kikalia.

"Kumbe," alisema taratibu, "kisanduku hiki kina mchana wake."

Ningependa kuwaambia niliitikia kwa heshima. Nilirukaruka. Mtu mzima, afisa, nimeruka pale mlangoni mpaka mtoto mmoja akaja kuangalia kuna nyoka gani. Bibi alikuwa anacheka bila sauti, mabega yanatikisika, na Minza aligeuka ukutani akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Kuanzia saa ile tulikuwa kwenye mashindano. Mnada ulikuwa unakaribia, mawingu yapo pale pale, na mikeka imejaa. Mashine moja isingetosha. Minza akawaita wenzake wa kikundi, na kila aliyekuwa na mashine akaileta au akaiwasha kwake. Mimi nikaomba ruhusa kituoni, nikaja na nyingine nyuma ya pikipiki, nimeikumbatia kama mgonjwa. Tukachagua kwanza. Iliyoota ukungu tuliitupa mbali bila huruma, maana ukungu hauna urafiki hata na ng'ombe. Iliyobaki nusu kavu ilikuwa na bahati moja: jabali lilikuwa limeshaifanyia sehemu kubwa ya kazi, mashine zilikuwa za kumalizia tu. Trei zikaingia, trei zikatoka. Nyumba za mtaa mzima zilikuwa zinavuma kama mizinga ya nyuki. Kina mama walikuwa wanapishana njiani wameinamia makapu yaliyofunikwa plastiki, wanataniana nani mashine yake inalala usingizi. Yule aliyeishiwa umeme alitumiwa tokeni na mwenzake, akaambiwa atalipa kwa maandazi.

Na mkuu wa shughuli yote alikuwa Bibi Mbuke. Sijawahi kuwa na bosi mkali kama yeye. Wazee usingizi wao ni mchache, na yeye aliutumia wote kulinda. Asiyezungusha trei aliitwa kwa jina la baba yake. Aliyetaka kufungua kifuniko ili kuchungulia aliulizwa kama kwao mtu akipika wali anachungulia kila mara. Jua lilipozama, mkono wake uliinuka wenyewe kwenda kwenye waya, nikauona, naye akauona, akaushika kwa mkono wa pili akaurudisha mapajani.

Mkesha wa mnada umeme ulikatika. Trei za mwisho zilikuwa ndani. Bibi akaamuru kifuniko kisifunguliwe, joto lililopo libaki mle, na watu wote waliokuwa na mashine wakafanya hivyo hivyo. Umeme uliporudi, hakuna aliyejua kwa hakika kama trei zile zilikuwa zimeharibika au la. Ilibidi ziendelee tu.

Nkwabi alifika asubuhi ya mnada, kamba begani, pamoja na mnunuzi wa ng'ombe aliyekuja na pikipiki yake. Nilikuwepo kwa sababu nilikuwa nimekuja kuchukua mashine ya kituo. Magunia ya michembe yalikuwa yamesimama yameegemea ukuta, na kwenye ungo mpana karibu na mlango zilikuwa zimemwagwa zile trei za mwisho, zimetolewa sasa hivi. Yule ng'ombe mwekundu alikuwa amefungwa upande wa pili wa uwanja, anatafuna maganda ya viazi. Mnunuzi akamzunguka, akampigapiga ubavuni, akamsifu kwa namna ya mtu ambaye baadaye atamkosoa.

Nkwabi akamsalimia mama yake kwa heshima zote, akaniamkia, akaketi. Alisema amesikia kuhusu mashine, lakini gunia linaweza kuwa kavu juu na bichi chini, na watoto wa marehemu hawawezi kula matumaini. Minza alikuwa amesimama mlangoni. Bibi Mbuke akamwonyesha magunia.

"Nkwabi mwanangu, ingiza mkono. Mpaka chini. Ukigusa mbichi, nenda kamfungue ng'ombe."

Akakunja mkono wa shati. Aliingiza mkono kwenye gunia la kwanza mpaka kwapani, uso wake ukiwa umeegemea mdomo wa gunia, macho yamefumba, vidole vinatafuta huko chini. Akautoa. Ulikuwa na unga mweupe, mkavu. Akaenda la pili. Akaenda kwenye kila moja, hakuruka hata moja. Alipomaliza la mwisho aliguna kidogo, akageuka, na mguu wake ukagusa ule ungo. Akainama, akaokota kipande, akakikunja.

Kilikunjika. Kilijipinda kama ngozi, kisivunjike.

"Mama," alisema, "hii ni mbichi."

Mnunuzi akaanza kwenda upande wa ng'ombe. Ninyi mnajua, na mimi nilijua, kwamba kiazi kinachotoka mashineni kina sukari yenye moto, na sukari yenye moto ni laini. Mpaka kipoe huwezi kujua kimekauka au hakijakauka. Lakini zile zilikuwa trei zilizokatikiwa umeme. Nilianza kueleza habari ya kupoa. Bibi Mbuke hakunisubiri.

"Kaa unywe chai. Hata wewe ulipotoka tumboni mwangu ulikuwa unakunjika."

Nkwabi akakaa na kile kipande mkononi. Minza akaleta chai yenye maziwa, akamimina vikombe. Mnunuzi aliletewa chake kule alikosimama. Tulikunywa. Nimekunywa chai nyingi katika maisha yangu na sikumbuki nyingine hata moja kama ile. Mawingu yalikuwa yamefunguka kidogo upande wa mashariki, na kale kaupepo kakavu ketu kakawa kanapita uwanjani, kanapapasa ule ungo. Mnunuzi akasema mnada hausubiri. Nkwabi akamwinulia kiganja, kwamba atulie. Alikuwa anakigeuza kile kipande kati ya vidole, anakipuliza, anakigeuza.

Halafu akakishika kwa mikono miwili na kukikunja tena. Kililia kama kijiti kinachokanyagwa, kikawa vipande viwili.

Alivitazama kwa muda. Kimoja akakitia mdomoni, akakitafuna kwa bidii, taya zinacheza, na ilipofika kumeza alikuwa amefumba macho kama mtu aliyeonjeshwa kitu cha utotoni. Akainuka na kipande cha pili, akapita mbele ya mnunuzi bila kumwangalia, akamwendea yule mwekundu mwenye baka jeupe, akamlisha kwenye kiganja.

"Usimzoeshe," mama yake akamwambia. "Hicho ni chakula cha watu."